Nimelipia uhariri, lakini mchapishaji anasema mswada haujahaririwa

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya sekondari na ninaishi Tanga. Tangu nilipostaafu nimekuwa nikiandika riwaya inayofuata familia moja kwa vizazi vitatu katika mashamba ya mkonge: babu anayefika pamoja na manamba, yaani vibarua wa mashamba, kutoka Burundi enzi za Mwingereza, mwanawe anayepanda hadi kuwa karani wa shamba, na mjukuu wake wa kike anayebaki kijijini baada ya bei ya mkonge kuanguka na majirani kuhama mmoja mmoja. Mswada una maneno yapatayo 90,000.

Nilipoumaliza nilimtafuta mhariri, tukakubaliana bei ya kuhariri kitabu chote, nikamlipa. Alinirudishia mswada ukiwa na alama nyekundu karibu kila ukurasa. Alikuwa amesahihisha tahajia, uakifishaji na upatanisho wa ngeli, na hata mimi niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote niliona makosa yaliyokuwa yamenipita. Niliridhika, nikaupeleka kwa mchapishaji. Baada ya miezi kadhaa nilipata barua inayosema kwamba mswada unahitaji kuhaririwa kabla ya kufikiriwa. Wameeleza kwamba sura nane za mwanzo zinatoa maelezo ya historia kuliko kusimulia, kwamba msomaji hajui hadithi hii ni ya nani mpaka binti anapozaliwa katika sura ya tisa, na kwamba nyakati zinarukaruka kiasi cha kumpoteza.

Nilimpelekea mhariri barua hiyo, naye akanijibu kwamba mambo hayo hayakuwa sehemu ya kazi yake. Nilijiona nimedhulumiwa. Mhariri wa pili, ambaye nilielekezwa kwake na mwalimu mwenzangu, amenitajia uhariri wa aina nne, kila mmoja na bei yake, na akasema mswada wangu una kurasa 360, ilhali nimeuchapa kwa mkono wangu na una kurasa 180. Mpwa wangu ananishauri nisipoteze fedha zaidi. Anasema lugha imekwisha kusahihishwa, hivyo kilichobaki ni kuupeleka kwa mpiga chapa Dar es Salaam tutoe nakala zetu wenyewe.

Liko na jambo jingine linaloniuma. Bibi katika riwaya yangu anazungumza Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani ya Tanga, kama walivyozungumza bibi zangu. Mhariri wa kwanza ameyageuza maneno yake yote kuwa Kiswahili sanifu. Je, alikuwa na haki hiyo?

Akiba yangu inatosha kulipia kazi moja tu, haitoshi nne. Naomba unieleze tofauti ya kazi hizi na unishauri fedha yangu niipeleke wapi. Nimekuambatanishia barua ya mchapishaji, sura ya kwanza, na kurasa kadhaa za sura ya kumi na mbili zenye masahihisho.

Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Nimeisoma barua yako pamoja na viambatisho vyote, na nianze na mhariri wako wa kwanza, kwa kuwa nadhani hasira uliyonayo juu yake inakuzuia kuona kilichotokea. Kwa kurasa nilizoziona, alifanya kazi, na sehemu kubwa aliifanya kwa uangalifu. Kosa lake ni kwamba alipokea fedha kwa ajili ya kuhariri kitabu chote bila kukueleza kwamba neno hilo hubeba kazi kadhaa zisizofanana, na kwamba yeye angefanya moja tu kati ya hizo, tena ile ambayo kwa kawaida huja karibu na mwisho. Wewe hukuwa na namna ya kulijua hilo. Yeye alikuwa nayo, na alipaswa kusema.

Kuchanganya huku kuna historia yake. Uhariri wa vitabu vya Kiswahili kwa muda mrefu ulitazamwa kama kazi ya kulinda lugha. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda kamati ya pamoja ya lugha ya Kiswahili, kazi yake ikiwa ni kusanifisha lugha kwa kufuata msingi wa Kiunguja, na miswada ya vitabu vya shule ilipitishwa kwake ili ipate kibali. Tanzania ilipounda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, ukaguzi wa lugha ya vitabu ukawa miongoni mwa mambo ambayo baraza hilo linajulikana nayo hadi leo. Kazi hiyo imetufaa sana. Lakini imetuachia mazoea ya kudhani kwamba mswada usio na kosa la ngeli wala la tahajia ni mswada uliokwisha kuhaririwa. Riwaya inaweza kuwa haina hata kosa moja la sarufi, na bado msomaji akaiweka chini kabla ya kufika sura ya tatu.

Mchapishaji wako hakulalamikia lugha hata kidogo. Rudia barua yake uone: mambo yote matatu aliyoyataja yanahusu hadithi inaanzia wapi, inamfuata nani, na matukio yamepangwaje. Kazi ya kushughulikia mambo hayo huitwa uhariri wa muundo. Mhariri wa muundo husoma mswada wote mwanzo hadi mwisho bila kusahihisha sentensi. Hata akikutana na neno lililoandikwa vibaya hulipita. Kisha hukuandikia ripoti, mara nyingi ya kurasa kadhaa, inayosema ni wapi hadithi inasimama, ni mhusika gani ameachwa njiani, ni sura zipi zinafanya kazi ileile mara mbili, na ni jambo gani msomaji anahitaji kulijua mapema zaidi au kwa kuchelewa zaidi. Huuliza maswali mengi. Hakuandikii hadithi upya, kwa sababu akifanya hivyo kitabu kitakuwa chake.

Nichukue mfano wa sura yako ya kwanza. Inaanza na mwaka 1893, mkonge ulipoletwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf, inaendelea na upanuzi wa mashamba, mabadiliko ya utawala baada ya vita na jinsi vibarua walivyokusanywa kutoka mbali na kupewa namba, na babu anajitokeza kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa kumi na moja, akishuka katika lori akiwa na homa. Habari zote hizo ni za kweli na umezipanga kwa ustadi wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa. Ila msomaji wa riwaya anamngoja mtu, na umemngojesha kurasa kumi. Pale babu anaposhuka katika lori, akaulizwa jina lake, karani asiandike jina bali namba, nilijikuta nasoma polepole ili nisipitwe na kitu. Kila kitu ulichokieleza katika kurasa kumi zilizotangulia kuhusu manamba kimo katika tukio hilo moja.

Mhariri wa muundo angekuwekea mbele njia mbili tatu. Mojawapo ni kuanza na babu ndani ya lori na kuiacha historia ijitokeze kidogo kidogo kadiri anavyoijua yeye mwenyewe, ambaye bila shaka hakuwahi kulisikia jina la Hindorf. Nyingine ni kuanza na mjukuu, kwa kuwa hadithi inaishia kwake, na kumfanya yeye ndiye anayeuliza na kukusanya habari za wazee wake, na hapo hata kurukaruka kwa nyakati kutakuwa na sababu, kwa maana mtu anayeuliza wazee habari za zamani hasimuliwi kwa mpangilio wa miaka. Mimi nina upendeleo wangu kwa njia ya pili, lakini uamuzi ni wako, na mhariri yeyote atakayekulazimisha njia moja mkatae.

Hapo utaona kwa nini mpangilio wa kazi hizi una uzito wa fedha. Ukiamua kuzivunja zile sura nane, kurasa nyingi ulizolipia kusahihishwa zitaondoka, na mahali pake patakuja sentensi mpya ambazo hakuna jicho lililozipitia. Ndiyo maana muundo hutangulia, kisha mtindo, kisha lugha, na usomaji wa prufu, yaani wa kurasa zilizokwisha kupangwa, huwa mwisho kabisa. Anayesahihisha mikato katika aya ambayo kesho itafutwa amepoteza muda wake, na wewe umepoteza fedha.

Kazi ya pili, uhariri wa mtindo, hushuka kwenye aya na sentensi. Hapa swali si kama sentensi ni sahihi. Swali ni kama inasomeka vizuri, kama inasikika kwa sauti ya msimulizi huyu, na kama inabeba kitu. Umeandika hivi katika sura ya kwanza: "Babu alikuwa ni mtu ambaye alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake kwa sababu ya kufiwa na mke wake ambaye alikuwa amefariki dunia." Mhariri wako wa kwanza aliipita sentensi hiyo bila alama yoyote, na kwa kazi aliyokuwa akiifanya hakukosea, kwa kuwa ngeli zimepatana na tahajia ni sawa. Mhariri wa mtindo angeona kwamba kifo kimetajwa mara mbili, kwamba huzuni haikai mahali pengine isipokuwa moyoni, na kwamba maneno zaidi ya ishirini yamefanya kazi ya saba: "Babu alihuzunika sana kwa kufiwa na mkewe." Pembeni angeongeza swali: huzuni hiyo watu wa kambi waliionaje? Jibu la swali hilo ndilo sentensi unayoitafuta, na wewe peke yako ndiwe unayeweza kulitoa.

Sasa nifike kwa bibi na Kimtang'ata chake, jambo ambalo naliona kubwa kuliko ulivyolipa nafasi katika barua yako. Msimulizi wako anatumia Kiswahili sanifu na bibi anatumia lahaja ya nyumbani kwake. Tofauti hiyo umeiweka kwa makusudi, na ndiyo inayomfanya msomaji amtambue bibi kabla hata jina lake halijatajwa. Kuyasanifisha maneno yake ni kumnyang'anya sauti. Mhariri wa lugha anayo haki, tena anao wajibu, wa kuuliza: je, lahaja hii ni ya makusudi, na je, umeifuata kwa uthabiti, au bibi anazungumza Kimtang'ata katika sura ya tatu na Kiswahili cha redio katika sura ya tano? Hana haki ya kubadilisha kimyakimya. Kwa ujumla mabadiliko yote ya mhariri ni mapendekezo. Wewe ndiwe unayekubali au kukataa, na ukikataa, unaandika tu pembeni "acha ilivyokuwa" bila kulazimika kuomba radhi. Ndiyo maana ni lazima kazi ifanyike kwa njia inayoonyesha kila kilichofutwa na kila kilichoongezwa. Kwa bahati nzuri mhariri wako alitumia njia hiyo, hivyo unaweza kuyarejesha maneno ya bibi moja baada ya jingine. Nimeona pia kwamba neno "korona," ambalo watu wa mashamba ya mkonge hulitumia kwa mtambo wa kuchakata majani, amelifanya "kiwanda" kila mahali. Hilo nalo lirejeshe, kwa sababu hakuna mtu wa shamba la mkonge ambaye angesema vinginevyo.

Uhariri wa lugha, ambao kwingine huitwa uhariri wa nakala, ndio ulioupata, ila haukukamilika. Tahajia, nafasi kati ya maneno, ngeli na uakifishaji ni sehemu yake, na kwa upande huo mhariri wako alifanya vizuri: "kwasababu" ameitenganisha, "vitambulisho vyao ziliandikwa" ameifanya "viliandikwa." Sehemu nyingine ya kazi hiyo ni kukagua kama kitabu kinajipinga chenyewe au kinapingana na mambo yanayojulikana. Katika sura ya kumi na mbili, pale karani anapokumbuka ujana wake, analipwa mshahara mwaka 1958 kwa "shilingi za Tanzania." Jina la Tanzania lilikuja mwaka 1964, baada ya Muungano, na shilingi ya Tanzania ilianza kutumika mwaka 1966. Kabla ya hapo watu walilipwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki. Kurasa tatu mbele, shamba linapotaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, binti yuko mgongoni mwa mama yake langoni akishuhudia, na mwishoni mwa sura hiyohiyo unasema alizaliwa mwaka 1969. Mambo kama haya hayaonekani kwa jicho la mwandishi, kwa kuwa mwandishi huona anachokijua badala ya kilichoandikwa. Mhariri wa lugha aliyekamilika huyaandikia swali pembeni.

Mhariri wa namna hiyo hukuachia pia karatasi ya mtindo. Hii ni orodha inayoonyesha maamuzi yote yaliyofanywa: kamusi ipi inafuatwa, ile ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) au ile ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), majina ya watu na mahali yameandikwaje, miaka na fedha zinaandikwa kwa tarakimu au kwa maneno, na maneno gani ya lahaja yameachwa kwa makusudi. Mwulize mhariri wa kwanza kama aliitengeneza. Ikiwa hakuitengeneza, anza mwenyewe leo, na uyaweke humo maneno yote ya bibi, ili kila atakayeushika mswada baada yako ajue kwamba hayaguswi.

Usomaji wa prufu hauhitaji maneno mengi kwa sasa, kwa sababu uko mbali nao. Hufanyika baada ya msanifu wa kurasa kuuweka mswada katika umbo la kitabu, na msomaji prufu hulinganisha kurasa hizo na mswada uliohaririwa. Hutafuta aya iliyodondoka, namba ya ukurasa iliyokosewa, kichwa cha sura kilichobaki peke yake chini ya ukurasa. Kwa Kiswahili kuna tatizo moja linalojirudia sana: programu nyingi za kupanga kurasa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na ukaona "mwan-amke" badala ya "mwa-namke." Jingine hutokana na kubadilisha jina la mhusika kwa amri moja ya kompyuta. Aliyebadilisha Ali kuwa Juma bila kuiagiza kompyuta itafute neno zima atakuta kila "Alikwenda" imegeuka "Jumakwenda." Huo si wakati wa kupanga upya sura wala kuboresha sentensi, kwa kuwa kila badiliko hapo humrudisha msanifu kazini na hulipiwa.

Kuhusu kurasa 360, mhariri wa pili hakukudanganya. Katika kazi hii ukurasa haupimwi kwa karatasi, kwa kuwa kila mtu huchapa kwa herufi na nafasi anazozitaka. Wengi huhesabu maneno 250 kuwa ukurasa mmoja, na maneno 90,000 ukiyagawa kwa 250 unapata 360. Wewe umechapa bila kuacha nafasi kati ya mistari, kwa hiyo ukurasa wako una maneno takriban 500. Unapolinganisha bei za wahariri, waulize wote wakutajie bei kwa neno, na utata huo utaondoka.

Sasa fedha. Mpwa wako anasema kweli kwamba lugha ya mswada uliopo imesahihishwa kwa sehemu kubwa, lakini mpiga chapa hahariri. Atachapa shilingi za Tanzania za mwaka 1958 kama zilivyo, na atachapa zile kurasa kumi za mwanzo kama zilivyo. Anayetoa kitabu mwenyewe hubeba gharama za hatua zote nne, pamoja na usanifu wa kurasa, jalada na uchapaji. Mchapishaji anayekubali mswada, kinyume chake, huhariri lugha, husanifu kurasa na husomesha prufu kwa gharama zake, na akikutaka wewe uzilipe, basi anakuuzia huduma, na hilo ulijue kabla ya kutia sahihi. Kwa hiyo, ikiwa lengo lako bado ni kupata mchapishaji, na barua uliyopokea haijafunga mlango, usitumie senti nyingine kwa ajili ya lugha. Fedha yako yote iende kwenye muundo, kwa kuwa huo ndio unaoamua kama mswada utapokelewa.

Tena si lazima ulipie uhariri kamili wa muundo. Mwulize mhariri wa pili kama hufanya tathmini ya mswada, yaani kuusoma wote na kukuandikia ripoti ya jumla bila kuandika maelezo pembeni mwa kila ukurasa na bila kuusoma mara ya pili baada ya marekebisho. Kwa kawaida bei yake huwa chini sana ya ile ya uhariri kamili, na kwa mtu mwenye uzoefu wako wa kusoma, ambaye tayari ana barua ya mchapishaji inayoonyesha penye kasoro, naamini itatosha.

Kabla ya hapo, fanya kazi moja ambayo haigharimu kitu. Chukua daftari, na kwa kila sura andika mistari mitatu: nani anataka nini, nini kinamzuia, na mwisho wa sura kitu gani kimebadilika. Pembeni andika mwaka wa matukio na umri wa kila mhusika. Sura ambayo hutapata cha kuandika kwenye mstari wa kwanza ni sura ya maelezo, na nina hakika utazikuta nyingi kati ya zile nane. Kuhusu safu ya miaka, hiyo itakuonyesha kosa la binti aliyeshuhudia jambo kabla ya kuzaliwa, pamoja na mengine ambayo mimi sikuyaona kwa sababu sina mswada wote. Kisha wape wasomaji wawili au watatu sura tano za mwanzo. Wasiwe ndugu zako, na wasiwe walimu wa Kiswahili, kwa maana walimu watashika kalamu nyekundu. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize ni wapi waliacha kusoma ili wafanye jambo jingine, na ni nani walitaka kujua habari zake zaidi. Majibu yao yapeleke kwa mhariri pamoja na mswada.

Ukishafika kwenye makubaliano, usiandike tena kuhariri kitabu chote. Andika aina ya kazi, idadi ya maneno, bei kwa neno au kwa kazi nzima, tarehe ya kukabidhi, kitakachokabidhiwa, yaani ripoti ya kurasa ngapi au mswada wenye alama, na kama unaruhusiwa kumwuliza maswali baada ya kuisoma ripoti, kwa muda gani. Lipa sehemu mwanzoni na sehemu baada ya kupokea. Mwombe kwanza akutathminie sura moja tu uone anavyofikiri, na umpe ile ya kwanza. Akikurudishia ikiwa na mikato iliyosahihishwa, huyo si unayemhitaji kwa hatua hii. Akikuuliza kwa nini babu hajashuka katika lori kwenye ukurasa wa kwanza, mpe kazi.

Mshauri wako